Muda wa Kufundishwa: Historia ya Michezo ya Kompyuta na Media Anuwai katika Kumwandaa Mgonjwa Anayeruhusiwa Kutoka Hospitalini, Marekani 1918–2012

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna michezo ya kompyuta na media anuwai zilivyoingia katika elimu anayopewa mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini nchini Marekani. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo ni historia ya muda kabla ya kuwa historia ya mashine. Mabadiliko ya malipo ya mwaka 1983 yalipofupisha siku za kulazwa, mafunzo yaliyokuwa yakitolewa taratibu kando ya kitanda yalibanwa katika dakika za mwisho. Mchezo na skrini vilifaulu pale vilipomrudishia mgonjwa nafasi ya kujaribu, kukosea na kuuliza. Vilishindwa kuonesha tofauti pale mgonjwa wa upande wa pili alipokuwa na mtu wa kuketi naye.

1. Utangulizi

Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini ni siku ya furaha, nayo pia ni siku ya haraka. Mgonjwa amekwisha vaa nguo zake, ndugu wamefika kumchukua, na kitanda chake kinasubiriwa na mgonjwa mwingine. Katika dakika hizo chache huelezwa mambo mengi kwa pamoja: dawa mpya za kuanza, dawa za zamani za kuacha, chakula cha kuepuka, dalili za hatari na tarehe ya kurudi kliniki. Mwishoni hupewa karatasi, huulizwa kama ameelewa, naye hujibu kwamba ameelewa.

Jibu hilo mara nyingi si la kweli. Mwaka 2005, Makaryus na Friedman walichapisha matokeo ya mahojiano na wagonjwa 43 waliokuwa wanaruhusiwa kutoka hospitali moja ya kufundishia jijini New York. Wagonjwa 12 tu, sawa na asilimia 27.9, waliweza kutaja dawa zao zote. Waliojua ugonjwa uliowalaza walikuwa 18, sawa na asilimia 41.9, na walioweza kutaja madhara ya kawaida ya dawa zao walikuwa 6 pekee. Hawa hawakuwa watu waliokwisha kukaa nyumbani wiki kadhaa na kusahau. Walikuwa bado hospitalini. Naye Kessels, katika mapitio yake ya mwaka 2003, alieleza kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya taarifa anazopewa mgonjwa husahaulika papo hapo, na kwamba kadiri taarifa zinavyokuwa nyingi ndivyo sehemu inayosahaulika inavyoongezeka.

Swali linaloongoza makala hii si iwapo skrini inafundisha vizuri kuliko karatasi. Swali hilo limeulizwa mara nyingi, na jibu lake hutegemea skrini gani na karatasi gani. Swali la kihistoria ni hili: ni pengo gani lililojitokeza katika hospitali za Marekani hata michezo na media anuwai zikaonekana kuwa suluhisho, na pengo hilo lilizibwa kwa kiasi gani? Ili kulijibu, ni lazima kuanza kabla ya kompyuta, wakati mafunzo ya mgonjwa yalikuwa kazi ya siku nyingi.

2. Kabla ya skrini: mgonjwa kama mwanafunzi

Ugonjwa wa kisukari ndio uliowalazimisha madaktari wa Marekani kumwona mgonjwa kama mwanafunzi. Mwaka 1918, Elliott Joslin, daktari wa Boston, alichapisha mwongozo wa kisukari uliokusudiwa kutumiwa na daktari na mgonjwa kwa pamoja. Wakati huo insulini ilikuwa haijagunduliwa, na tiba ilikuwa chakula kilichopimwa kwa uangalifu mkubwa. Mgonjwa asiyejua kupima chakula chake mwenyewe hakuweza kuishi muda mrefu nje ya hospitali. Insulini ilipoanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1922, haja ya mafunzo haikupungua, bali iliongezeka. Dawa hiyo iliokoa maisha, lakini kipimo kikizidi iliweza kuua. Na aliyetakiwa kuidunga kila siku hakuwa daktari bali mgonjwa au mama yake.

Kwa hiyo Joslin aliwafundisha wagonjwa wake kupima mkojo, kupanga mlo na kujidunga sindano, na aliwaandaa wauguzi maalumu kwa kazi hiyo, baadhi yao wakiwafuata wagonjwa hadi majumbani. Mambo mawili katika utaratibu huo yanafaa kukumbukwa. Kwanza, mafunzo yalikuwa ya vitendo: mgonjwa alishika sindano mbele ya muuguzi, akakosea, akasahihishwa. Pili, yalichukua siku nyingi, kwa sababu kulazwa kwenyewe kulichukua siku nyingi.

Tofauti baina ya kuambiwa na kufanya ilipata ushahidi wa kisayansi baadaye. Katika miaka ya 1960 na 1970, mwanasaikolojia Philip Ley wa Uingereza alifanya tafiti mfululizo kuhusu kile wagonjwa wanachokumbuka baada ya kuzungumza na daktari. Alionesha kwamba kusahau si dalili ya ujinga wala ukaidi wa mgonjwa, bali hutokana kwa sehemu kubwa na namna maelezo yanavyopangwa. Maelezo yaliyogawanywa katika mafungu yenye vichwa vilivyo wazi yalikumbukwa zaidi kuliko maelezo yaleyale yaliyotolewa bila mpangilio. Kwa matokeo hayo, lawama ilianza kuhama kutoka kwa anayesikiliza kwenda kwa anayesema.

Katika kipindi hichohicho, kompyuta iliingia katika elimu ya hospitali, ila haikumwendea mgonjwa. Mwaka 1963, Maryann Bitzer alitumia mfumo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi wa Hospitali ya Mercy, Urbana, namna ya kumhudumia mgonjwa wa moyo. Mwanafunzi hakuhadhiriwa. Alipewa mgonjwa wa kubuni ndani ya kompyuta, akatakiwa kuuliza maswali, kuchagua hatua na kuona matokeo ya uamuzi wake. Kanuni iliyokuja kuwa msingi wa michezo ya afya, yaani kujifunza kwa kuamua na kuona matokeo bila mtu kudhurika, ilikuwa tayari imekamilika hapo. Ilichukua takriban miaka 30 kabla ya kanuni hiyo kupewa mgonjwa, ambaye ndiye aliyekuwa anarudi nyumbani peke yake.

3. Mwaka 1983 na kufupishwa kwa siku za kulazwa

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Medicare, yaani bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na baadhi ya walemavu, iliilipa hospitali kwa kufuata gharama ilizotumia. Hospitali iliyomweka mgonjwa siku kumi ililipwa kwa siku kumi. Utaratibu huo ulikuwa ghali, na mwaka 1983 Bunge la Marekani liliubadilisha. Kuanzia Oktoba mwaka huo, hospitali zilianza kulipwa kiasi kilichopangwa mapema kwa kila aina ya ugonjwa, bila kujali mgonjwa amelala siku ngapi. Motisha ikageuka: kila siku ya ziada, ambayo hapo awali ilileta pato, sasa ilikula pato.

Matokeo yanaonekana katika takwimu za taifa. Wastani wa siku za kulazwa katika hospitali za muda mfupi ulikuwa siku 7.3 mwaka 1980. Kufikia mwaka 2000 ulikuwa siku 4.9. Si haki kuyahusisha mabadiliko yote hayo na malipo peke yake, kwani upasuaji wenye majeraha madogo na dawa bora pia vilifupisha kulazwa, na kwa wagonjwa wengi kuondoka mapema kulikuwa jambo jema. Hata hivyo, kilichokatwa hazikuwa siku za kulala tu. Zilikatwa pia siku ambazo muuguzi aliweza kumwonesha mgonjwa jambo asubuhi, akamwuliza jioni, na kesho yake akamwacha afanye mwenyewe.

Wakati muda wa kufundisha unapungua, mambo ya kufundishwa yaliongezeka. Mgonjwa aliyeondoka mapema alibeba nyumbani kazi zilizokuwa za wodi: kubadilisha kidonda, kupima sukari, kufuatilia uzito kwa sababu ya moyo, kumeza dawa nyingi kwa saa tofauti. Hospitali ilikuwa imehamisha sehemu ya uuguzi kwenda nyumbani bila kuhamisha mafunzo yake kwa kiwango hichohicho. Pengo hilo ndilo ambalo michezo na media anuwai ziliitwa kuliziba.

4. Tembo wawili na sindano ya insulini

Jaribio la kwanza lililojulikana sana lilitoka sokoni, si hospitalini. Mwaka 1992 kampuni ya Raya Systems ilitoa mchezo wa video ulioitwa Captain Novolin, kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Novo Nordisk. Shujaa wake ana kisukari, na katika safari yake hukwepa vyakula vibaya vinavyomshambulia huku akichunga sukari yake ya damu. Jina la shujaa lilikuwa jina la insulini iliyouzwa na mfadhili. Kasoro hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa sababu inaonesha kwamba tangu mwanzo mstari baina ya kumfundisha mgonjwa na kumuuzia bidhaa ulikuwa mwembamba.

Kampuni hiyohiyo, ambayo baadaye iliitwa Click Health, ilitoa michezo iliyopangwa kwa makini zaidi katikati ya miaka ya 1990. Bronkie the Bronchiasaurus uliwahusu watoto wenye pumu, na Packy & Marlon uliwahusu watoto wenye kisukari. Katika mchezo huu wa pili, tembo wawili wenye kisukari wako katika kambi ya likizo, na panya wameiba chakula na vifaa vya tiba. Mtoto anayecheza hana budi kumlisha tembo wake, kupima sukari, kuchagua kipimo cha insulini na kuona kinachotokea. Akikosea, tembo huishiwa nguvu. Mtoto hapatwi na lolote, naye huanza upya. Mafunzo ambayo muuguzi wa Joslin aliyatoa kwa siku kadhaa wodini sasa yaliweza kurudiwa mara mia nyumbani, bila mtu yeyote kumkaripia mtoto kwa kukosea.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwahusisha watoto 59 wenye umri wa miaka 8 hadi 16 kutoka kliniki mbili za kisukari. Kwa bahati nasibu, 31 walipewa Packy & Marlon na 28 walipewa mchezo mwingine usiohusu kisukari, wakaenda nao nyumbani kwa miezi sita. Watoto waliocheza Packy & Marlon walijitunza vizuri zaidi na walizungumza zaidi na wazazi wao kuhusu ugonjwa wao. Ziara za dharura kwa daktari nazo zilipungua upande wao, ingawa upungufu huo haukufikia kiwango kinachokubalika kwa kawaida katika takwimu. Watoto hao walitoka kliniki, si wodini. Lakini tatizo lililopimwa lilikuwa lilelile la mgonjwa aliyeruhusiwa, yaani kufanya nyumbani, bila muuguzi, kile kilichosemwa na muuguzi.

Matokeo kuhusu mazungumzo na wazazi yanastahili uzito kuliko yanavyopewa kwa kawaida. Mchezo ulikuwa wa watu wawili kama wachezaji wakipenda, na ulimpa mtoto lugha ya kuzungumzia jambo ambalo aghalabu huzungumzwa naye kwa njia ya amri. Yaani, sehemu ya kazi iliyofanywa na mchezo haikufanyika kwenye skrini. Ilifanyika baina ya mtoto na mzazi.

5. Ushahidi uliokwenda kinyume

Mwaka 2000 Homer na wenzake walichapisha katika jarida la Pediatrics utafiti ambao wapenzi wa michezo ya afya hawana budi kuusoma. Watoto 137 wenye pumu, wa umri wa miaka 3 hadi 12, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitumia programu ya media anuwai iliyoundwa kama mchezo, ambamo mtoto husimamia pumu ya mhusika wa kwenye skrini. Kundi la pili lilipitia vitabu vya kawaida vya pumu pamoja na msaidizi wa utafiti. Baada ya mwaka mmoja, waliotumia programu walikuwa na maarifa zaidi. Lakini katika ziara za chumba cha dharura na ukali wa dalili, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na hapakuwa na tofauti baina yao.

Utafiti huu unaweza kusomwa kama kushindwa kwa mchezo. Usomaji wa makini zaidi unatazama kile ambacho kundi la pili lilipata. Watoto hao hawakukabidhiwa karatasi na kuambiwa kwaheri. Mtu aliketi nao, akafungua kitabu, akapitia kurasa pamoja nao. Mchezo haukulinganishwa na utaratibu wa kawaida wa siku ya kuruhusiwa. Ulilinganishwa na binadamu mwenye muda. Katika ulinganisho huo, vilitoka sare.

Aidha, utafiti huo ulionesha kwamba maarifa na mwenendo ni vitu viwili. Jambo hilo lilithibitika kwa njia nyingine katika mchezo wa Re-Mission, uliotolewa mwaka 2006 na shirika la HopeLab kwa ajili ya vijana wenye saratani. Mchezaji huongoza roboti ndogo iitwayo Roxxi, inayosafiri ndani ya miili ya wagonjwa, kushambulia seli za saratani na kupambana na maambukizi ya bakteria. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2008, uliwahusisha wagonjwa 375 wa miaka 13 hadi 29 katika vituo 34 vya Marekani, Kanada na Australia. Waliocheza walizingatia zaidi dawa zao za kuzuia maambukizi, kama vifaa vya kielektroniki vya kufuatilia umezaji wa vidonge vilivyoonesha, na walijiamini zaidi. Walipoulizwa wenyewe kuhusu uzingatiaji wao wa dawa, majibu yao hayakuonesha tofauti hiyo. Wala hapakuwa na mabadiliko katika msongo wa mawazo au ubora wa maisha. Yaani mchezo uligusa kitendo kimoja mahususi, haukugusa maisha yote ya mgonjwa. Kwa mtunga sera, hilo ni fundisho la kiasi: mchezo hufanya kazi panapokuwa na kitendo kinachoweza kutajwa, kurudiwa na kupimwa.

6. Boston: muuguzi wa kwenye skrini

Katika miaka hiyohiyo, swali la kuruhusiwa lilihama kutoka kwa watoto kwenda kwa watu wazima, na kutoka kwa maradhi mamoja kwenda kwa hospitali nzima. Mambo mawili yalichochea. La kwanza ni kutambuliwa kwa ugumu wa kuelewa taarifa za afya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionesha kwamba asilimia 36 ya watu wazima wa Marekani walikuwa na stadi za msingi tu, au chini ya msingi, katika kuelewa maandishi ya afya. Karatasi ya kuruhusiwa, ikiwa na majina ya dawa na vifupisho, iliandikwa kama kwamba watu hao hawapo. La pili ni gharama. Mwaka 2009, Jencks, Williams na Coleman walionesha kwamba asilimia 19.6 ya wagonjwa wa Medicare waliorudishwa nyumbani walilazwa tena ndani ya siku 30, na kwamba marejeo yasiyopangwa yaligharimu dola bilioni 17.4 mwaka 2004.

Mwaka huohuo wa 2009 yalitolewa matokeo ya mradi wa RED wa Boston Medical Center, ulioongozwa na Brian Jack. Wagonjwa 749 walishiriki. Nusu yao walipata utaratibu wa kawaida. Nusu walipata muuguzi maalumu wa kuwaandaa, kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya kila mgonjwa kikiwa na dawa zake na miadi yake, na simu ya mfamasia siku 2 hadi 4 baada ya kuondoka. Katika siku 30, waliopata maandalizi walirudi hospitalini au chumba cha dharura kwa wastani wa mara 0.314 kwa mtu kwa mwezi, dhidi ya mara 0.451 kwa wengine, yaani pungufu kwa takriban asilimia 30. Hapakuwa na siri katika mafanikio hayo. Utaratibu ulidai takriban saa moja na nusu ya muuguzi na nusu saa ya mfamasia kwa kila mgonjwa. Huo ndio muda uliokuwa umepotea, ukarudishwa kwa gharama inayojulikana.

Ni hospitali chache zilizokuwa tayari kuilipa gharama hiyo. Ndipo Timothy Bickmore wa Chuo Kikuu cha Northeastern, akishirikiana na Jack, alipounda muuguzi wa kwenye skrini aliyeitwa Louise. Skrini ya kugusa ilisukumwa kwa magurudumu hadi kando ya kitanda na kuinamishwa mbele ya mgonjwa. Muuguzi huyo alisalimu, akazungumza maneno mawili matatu ya kawaida, kisha akapitia kijitabu ukurasa kwa ukurasa huku mgonjwa ameshika nakala yake ya karatasi mkononi. Mgonjwa alijibu kwa kugusa skrini, aliweza kuomba kurudiwa, na katikati ya somo aliulizwa maswali ya kupima uelewa. Mwishoni, mambo ambayo hayakueleweka yaliorodheshwa na kukabidhiwa kwa muuguzi binadamu.

Wagonjwa, wakiwamo wenye uelewa mdogo wa maandishi ya afya, waliupokea mfumo huo vizuri, na wengi wao walisema wangependa kupewa maelekezo na muuguzi huyo kuliko na daktari au muuguzi binadamu. Sababu inayojitokeza haikuwa uzuri wa picha. Ilikuwa kwamba hakuwa na haraka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kitandani kuuliza kuna gharama: mgonjwa anaona muuguzi anavyotazama saa, anahofia kuonekana mzito wa kuelewa, ananyamaza. Mbele ya mashine isiyochoka, gharama hiyo inatoweka.

Umuhimu wa maswali ya kupima uelewa unaonekana zaidi ukilinganishwa na utaratibu wa madaktari. Schillinger na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2003 uliofanyika San Francisco kwa wagonjwa wa kisukari, waligundua kwamba madaktari walihakikisha kama mgonjwa ameelewa katika asilimia 12 tu ya mambo mapya waliyoyaeleza. Wagonjwa waliohakikishwa ndio walioelekea kuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri. Kumwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake hakuhitaji umeme wala programu. Lakini kinachoweza kuachwa wakati wa haraka huachwa, na mashine ilikuwa na fadhila moja tu iliyoizidi ya binadamu aliyelemewa: haikuweza kuruka swali.

7. Adhabu ya 2012 na hatari ya kusoma historia vibaya

Kuanzia Oktoba 2012, kwa mujibu wa sheria ya huduma za afya ya mwaka 2010, Medicare ilianza kuzikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wa mshtuko wa moyo, moyo kushindwa kufanya kazi na nimonia walirejea kuliko ilivyotarajiwa. Makato ya juu yalianza kwa asilimia 1 na kufikia asilimia 3 mwaka wa bajeti wa 2015. Motisha iliyogeuzwa mwaka 1983 iligeuzwa tena: sasa mgonjwa asiyeelewa alikuwa hasara ya hospitali. Soko la skrini za kando ya kitanda, lililokuwa limeanzishwa mapema na kampuni kama GetWellNetwork ya Maryland, lilipata hoja mpya ya kuwashawishi wakurugenzi wa fedha.

Hapa ndipo historia inaweza kusomwa vibaya. Upungufu wa takriban asilimia 30 wa mradi wa RED ulipatikana kwa muuguzi binadamu na mfamasia aliyepiga simu, si kwa skrini. Skrini iliundwa baadaye ili kubeba sehemu ya kazi hiyo, tena ikiwa na njia ya kumrudishia muuguzi maswali yasiyojibiwa. Hospitali inayonunua skrini na kuacha simu, miadi na kijitabu haijanunua mradi wa RED. Imenunua sura yake. Utafiti wa Jencks na wenzake ulionesha kwamba takriban nusu ya wagonjwa waliolazwa tena ndani ya siku 30 baada ya kulazwa kusikohusu upasuaji hawakuwa na bili yoyote ya kumwona daktari katika kipindi hicho. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kujibu sawasawa kila swali la skrini na bado akakosa mtu wa kumwona.

Kuna pia swali la haki. Hospitali zinazohudumia maskini zilielekea kuadhibiwa zaidi, kwa kuwa wagonjwa wao walirejea kwa sababu zilizo nje ya mafunzo, kama ukosefu wa makazi, wa usafiri au wa fedha za dawa. Sheria ya mwaka 2016 ililazimu hospitali zilinganishwe na zile zinazofanana nazo kwa kiwango cha wagonjwa maskini, utaratibu ulioanza kutumika katika mwaka wa bajeti wa 2019. Marekebisho hayo ni kukiri kwa kisheria kwamba si kila anayerejea hospitalini alishindwa kuelewa. Mchezo unaweza kumfundisha mtu kumeza dawa, hauwezi kumnunulia.

8. Hitimisho

Kuanzia mwongozo wa Joslin hadi skrini ya Louise, jambo lililomfaa mgonjwa halikubadilika sana. Alihitaji kufanya na si kuambiwa tu, kukosea mahali ambapo kosa haliui, kuulizwa kama ameelewa, na kuwa na mtu wa kumrudia. Katika wodi za zamani mambo hayo yalipatikana kwa sababu kulikuwa na siku za kutosha. Siku zilipokatwa, yalikatika pamoja nazo, na kila chombo kilichofuata kinaweza kupimwa kwa kiasi cha mambo hayo kilichoyarudisha. Packy & Marlon ulirudisha mazoezi. Louise alirudisha swali na subira. Programu ya pumu ya mwaka 2000 haikumshinda msaidizi aliyeketi na mtoto, na hiyo si aibu kwa programu. Ni sifa kwa kuketi.

Kwa hospitali yoyote inayofikiria kutumia michezo au media anuwai katika kuwaandaa wagonjwa wake, historia hii inapendekeza swali moja la kutanguliza kabla ya swali la bei: muda utakaookolewa na mashine utakwenda wapi? Ukirudi kwa muuguzi ili ajibu maswali yaliyoorodheshwa na skrini, mashine itakuwa imemsaidia mgonjwa. Ukitumika kupunguza wauguzi, hospitali itakuwa imerudia kosa la 1983 kwa chombo kipya, na mgonjwa ataendelea kujibu kwamba ameelewa.